Kumlisha Nyoka Mla-Mayai

Wafugao nyoka majumbani, ambao Ulaya na Marekani ni wengi na kwetu ni wachache, aghalabu huwapa panya, na elimu ya kulisha panya imekwisha enea hata mwanafunzi wa jana aweza kuisomesha leo. Lakini wako nyoka ambao panya mia hawawafai kitu, maana maumbile yamewakadiria riziki ya namna moja tu; na katika hao sijui anayestahili kuelezwa zaidi kuliko nyoka mla-mayai wa bara letu, aliyeandikwa na Linnaeus mwaka 1758 na ambaye leo wataalamu humwita Dasypeltis scabra. Mgeni akimwona humkimbia, kwa kuwa madoa yake yafanana na ya vipiri, na akitishwa husugua magamba ya ubavuni yakatoa sauti kama ya mafuta ya moto; ilhali hana sumu, na meno yake ni machache na madogo mno hata hayafai kung'atia. Chakula chake ni mayai ya ndege, basi.

Kwa sababu hiyo watu wengi humdhania kuwa ndiye mwepesi wa kufugwa. Panya aliye hai aweza kumjeruhi nyoka, pengine hata kumtoa jicho, lakini yai halina jino wala ukucha: litiwe tunduni, mlango ufungwe, kazi imekwisha. Dhana hii ndiyo iuayo nyoka wengi wa jamii hii, na kwa miaka mingi nimetamani kuiondoa. Hatari ya yai imo katika mambo yasiyoonekana kwa jicho, yaani limetoka wapi, lina siku ngapi, limeoshwa kwa kitu gani, na unene wake waelekeana vipi na kichwa cha amlaye.

Ajuaye jinsi yai linavyoliwa ataelewa mengine yote. Nyoka mzima, mwenye kichwa kisichozidi unene wa kidole cha mtu, huligusa yai kwa ulimi pande zote, kisha huliegemeza juu ya pindi la mwili wake ili lisibingirike, akaanza kulipandia kwa taya, kidogo kuume, kidogo kushoto, ngozi ya shingo ikitanuka hata magamba yakaachana kama mbegu zilizotawanywa juu ya kitambaa. Yai likishapita kichwa, nyoka huinamisha shingo na kukaza misuli, na hapo mtu aliyetulia chumbani husikia mlio mdogo wa kuvunjika. Pingili za uti wa mgongo wake zina ncha za mfupa ziteremkazo hadi ndani ya umio, nazo ndizo zilizopasua ganda. Uteute na kiini husukumwa tumboni, na ganda tupu, ambalo vipande vyake vingali vimeshikwa na utando wa ndani, hukunjwa na kutemwa likiwa kama jani lililosokotwa. Kila nilipolitazama jambo hili nilistaajabu upya.

Basi yai la kuchemsha halimfai kabisa, kwa maana kilichoganda hakikamuliki. Yai lenye ufa nalo halifai, kwani vijidudu vimekwisha pata njia, na huenda likavunjikia kinywani kabla ya wakati wake. Lililokaa kwenye friji lisitolewe likiwa baridi. Liachwe kwanza lipate joto la chumba. Yai viza, au lile ambalo kifaranga amekwisha umbika ndani, nyoka mwenyewe hulitambua kwa kunusa akaliacha, na mfugaji asimbishie: umemkataza ulimi ambao katika kazi hii ni hodari kuliko pua ya mtu yeyote.

Harufu ndiyo sura niliyochelewa kuijua. Usiku mmoja nilimwekea nyoka wangu mayai mawili ya kware, moja la dukani, safi, lililokwisha oshwa, na jingine la bandani kwa jirani, lenye unyoya umegandia ubavuni. La kwanza aliligusa kwa ulimi mara tatu akaliacha. Asubuhi nilikuta lingalipo, na kando yake ganda la lile la pili. Yai la dukani limepoteza dalili ya ndege, na pengine limeachiwa dalili ya sabuni. Fauka ya hayo, ganda la yai lina matundu madogo mno yapitishayo hewa, na yamkini dawa ya utitiri iliyonyunyizwa bandani au dawa ya kuoshea ikapenya. Chukua mayai kwa mfugaji ambaye utaweza kumwuliza, bila ya kuona haya, ndege zake wamepewa nini na banda limepulizwa nini.

Unene ni jambo zito zaidi. Yai la kuku hufika gramu 50 hadi 60, na jike mkubwa wa nyoka huyu aweza kulimeza likiwa dogo. Dume, ambaye kwa kawaida ni mdogo kuliko jike, apewe la kware, ambalo ni la gramu 10 na kidogo zaidi. Ama watoto waliotoka kuanguliwa, hata la kware haliwapiti. Wao wahitaji mayai ya ndege wadogo wa jamii ya chiriku, na asiye na kizimba cha ndege hao asithubutu kuwazalisha nyoka wake. Namjua mfugaji mmoja aliyewakorogea watoto yai bichi na kuwatilia kwa mpira na bomba la sindano, naye hakuwa amefundishwa. Uteute ukaingia njia ya pumzi, na kati ya wanne akabaki mmoja. Tiba hiyo ipo, lakini ni ya mganga wa wanyama.

Tena nyoka huyu hali kwa kuhesabu siku. Porini mayai huja kwa msimu. Ndege watagapo, nyoka hula kwa wingi, na msimu upitapo hukaa miezi bila ya kula. Akisusa, mpime uzito, mwachie maji, usimhangaishe. Wala usiende kupora viota mwituni kwa ajili yake, na yeye mwenyewe usimtoe huko: sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kadhalika na ile ya Tanzania ya mwaka 2009, zataka kibali kwanza.

Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika yeye au ganda alilolitema, kwa sababu nyoka na mayai wote waweza kubeba bakteria wa salmonella, na vyombo vyake visisuguliwe jikoni, hususan penye watoto wadogo. Ganda lenyewe lisitupwe kabla ya kutazamwa. Likiwa limekunjika vema na ndani hamkubaki ila unyevu, mlo ulikwenda sawa. Likiwa bado limejaa kiini, ama yai lilikuwa kubwa, ama mtu alipita na taa usiku, na wiki ijayo ni afadhali kuweka yai dogo zaidi na kufunika tundu kwa kitambaa.