Ngozi ya Mbwa Mchanga: Kuogesha, Kuchana na Kukinga

Tabaka la juu la ngozi ya mbwa, lile linalozuia vijidudu na kemikali visipenye mwilini, lina safu 3 hadi 5 tu za seli, ilhali la binadamu lina 10 na zaidi. Ngozi hiyo pia haina asidi nyingi kama ya binadamu: katika kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa asidi na ambacho katikati yake ni 7, ngozi ya mbwa hukaribia 7 na ya mtu huwa karibu na 5.5. Kwa hiyo shampuu ya watu haimfai, na sabuni ya kufulia, iwe ya kipande au ya unga, ndiyo haimfai kabisa, kwa kuwa humwondolea sebamu, yaani mafuta yatokayo katika tezi zilizo kwenye mashina ya manyoya, ambayo hulainisha ngozi na kuzuia maji ya mwili yasipotee. Mbwa mchanga anayesuguliwa kwa sabuni hiyo kila wiki hukauka ngozi, hujikuna hadi akachubuka, na penye mchubuko bakteria huingia.

Katika wiki zake za kwanza mtoto wa mbwa hawezi kutunza joto la mwili wake mwenyewe, ndiyo maana hujibana ubavuni mwa mama na ndugu zake, na akiloweshwa huweza kupoa hadi kufa. Kabla hajafikisha wiki 8 hivi, akichafuka hufutwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kisha hukaushwa papo hapo. Akishavuka umri huo, kuogeshwa mara moja kwa mwezi, au pale tu anapojipaka tope au kinyesi, kunatosha.

Siku ya kuoga huchaguliwa saa za jua, na katika maeneo ya baridi kama Limuru au Njombe kazi hiyo hufanywa ndani ya nyumba. Beseni hutandikwa kipande cha taulo chini ili miguu isiteleze, kwa maana mbwa anayeteleza huogopa, na hofu ya siku ya kwanza huwa vigumu kuiondoa baadaye. Povu la shampuu ya mbwa hupakwa kwanza kuzunguka shingo, kwa sababu viroboto wakihisi maji hukimbilia usoni na masikioni, halafu hushushwa mgongoni, tumboni na miguuni. Kichwa hakimwagiwi maji, bali hufutwa kwa kitambaa. Kusuuza hukamilika maji yanapotiririka yakiwa meupe na manyoya yasipoteleza tena vidoleni, kwani povu lililobaki huwasha kuliko uchafu wenyewe.

Kuchana manyoya kila siku kuna faida kubwa kuliko kuoga, kwa kuwa hutandaza sebamu na kumpa mwenye mbwa nafasi ya kuikagua ngozi. Akiona chembe nyeusi kwenye mashina ya manyoya, aziweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Zikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, nacho ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni mwao. Viroboto wengi humkausha mtoto wa mbwa damu hadi fizi zikawa nyeupe, na kwa kuwa mayai na mabuu yao hukaa sakafuni na katika matandiko, kumwogesha bila kufagia na kufua ni kazi bure. Uvimbe kama jipu wenye kitundu kidogo juu yake huwa na funza wa nzi atagaye kwenye mchanga wenye mkojo au nguo zinazokauka kivulini, hivyo matandiko yaanikwe juani na kupigwa pasi. Upele wa utitiri, ambao huanzia kwenye ncha za masikio na viwiko, huambukiza pia watoto wa nyumbani, na dawa yake haipatikani katika sabuni.

Jambo baya kuliko yote ni kumwagia mbwa mchanga dawa ya josho la ng'ombe ili kuua kupe. Amitrazi, mojawapo ya dawa hizo, imekusudiwa mnyama wa mamia ya kilo. Mtoto wa mbwa wa kilo 2 huifyonza kupitia ngozi ile nyembamba na kuilamba, kisha hulegea, hupoa na mapigo ya moyo wake hupungua. Kupe wachache hung'olewa kwa kibano, wakishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu, bila mafuta ya taa. Wakiwa wengi, mwenye mbwa na ampeleke kwa daktari wa mifugo, amtajie umri na uzito wake, na chupa ya josho aiache zizini.