Nyumba Umelipa, Lakini Iko kwa Jina la Nani?



Umefanya kazi miaka mingi, umepokea feza ya kumaliza kazi. Umechoka kulipa nyumba ya watu kila mwezi. Sasa komisionere anakuonyesha kanyumba: vyumba viwili na salo, mabati mazuri, muembe mbele ya mulango. Anakuambia: “Baba, hii ni bei ya bure! Kesho mwingine anakuya na feza.” Mbele ya kufungua mufuko, tuongee kidogo.

Kwanza, katika inchi yetu udongo si wa mutu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Unachonunua ni nyumba na haki ya kukaa pa ile parsele. Kwa Mukongomani, haki hiyo inaweza kuwa bila mwisho, njo konsesio perpetuele. Konsesio ya kawaida haipite miaka 25, lakini inaweza kufanywa upya. Uliza muuzaji: yake ni gani?

Pili, karatasi. Yenye nguvu kamili ni sertifika ya anrejistrema, ile inayotolewa na konservatere. Fishi ya komine inasaidia, lakini haitoshe. Karatasi muliyoandikiana mbele ya mashahidi inaonyesha kama ulilipa. Haibadilishe jina kwenye kitabu cha Serikali.

Tatu, hesabu. Tuseme nyumba ni dola 8 000, na wewe uko na 8 000 kamili. Basi, haujafika bado. Ongeza:

– mushahara wa komisionere;
– notere, wa kuhakikisha mapatano;
– kadastre, wa kupima parsele na kuangalia mipaka;
– mitasio, maana yake kuhamisha jina; malipo yake yanafuata bei ya nyumba;
– madeni ya muuzaji: fakture za kura na maji, kodi ya parsele. Muandike ndani ya mapatano nani atayalipa.

Heri nyumba ndogo yenye jina lako kuliko kubwa yenye jina la mwingine.

Ine, watu. Kama muuzaji ameoa, sheria ya jamaa inaomba bibi na bwana wote wawili wakubali. Kama mwenye nyumba amekufa, mutoto mumoja hawezi kuuza peke yake. Wote wenye urizi watie sahihi. Na mujane iko na haki ya kukaa mule. Ukimupita yeye, haukununua nyumba, umenunua kesi.

Tena sisi wa maeneo ya mines, tuangalie chini. Kufuatana na sheria ya mines ya mwaka 2002, haki ya parsele haikupe haki ya madini yaliyo chini yake. Kule Kasulo, Kolwezi, tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti mpaka chini ya nyumba. Tembea parsele yote, tazama mipasuko ya ukuta, uliza majirani.

Nabii Yeremia alinunua shamba kwa shekeli 17 za feza wakati Yerusalema ilikuwa imezungukwa na adui (Yeremia 32). Hata katika vita, aliita mashahidi, akatia muhuri, karatasi zikawekwa ndani ya chungu cha udongo zikae siku nyingi.

Ninyi vijana, musiseme haya ni mambo ya wazee. Karatasi hizi zinaandikwa kwa Kifaransa, na mara nyingi ninyi njo munakisoma muzuri nyumbani. Muketi na baba na mama, musome neno kwa neno. Kisha muende pamoja kwa konservatere kuuliza parsele iko kwa jina la nani. Feza itoke nyuma ya jibu, si mbele.