Kabla ya Kumfunza Mnyama, Tujifunze Sisi

KUNA usemi ambao sisi wakazi wa mikoa ya kati tumeuzoea mno, hata hatuusikii tena uzito wake: punda afe, mzigo ufike. Husemwa kazini, husemwa michezoni, na husemwa hata jukwaani pale watu wanapotiwa moyo wasirudi nyuma. Lakini hapa Singida Mjini usemi huu si mfano tu. Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara iingiayo mjini, atamwona punda mwenyewe kwa macho, amebeba madumu ya maji au anavuta mkokoteni wa magunia, na nyuma yake kijana mwenye fimbo. Mara nyingi kijana huyo ndiyo kwanza anaanza kazi. Hakuna aliyemfundisha. Siku moja alikabidhiwa mnyama na fimbo, akaambiwa aende.

Leo twataka kuzungumza juu ya huyo anayeanza. Na ili tuzungumze vema, twamwomba msomaji atuvumilie tupite kwanza mbali kidogo, kwenye sanaa moja ya upandaji farasi ambayo hapa kwetu haipo, lakini ambayo watu wake wamelitafakari kwa karne nyingi swali hili hili linalotukabili: mtu asiyejua kitu aanzeje kumwongoza mnyama aliyemzidi nguvu?

Sanaa hiyo huitwa dresaji, jina lililotoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kufunza. Si mashindano ya mbio. Mpandaji huingia katika uwanja wa mstatili wenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 40, au mita 60 katika mashindano makubwa, uliowekwa herufi pembezoni. Huingia penye herufi A, husimama katikati, humsalimu mwamuzi aliyeketi penye herufi C, kisha humwendesha farasi kwa miendo mitatu: kutembea, ambako kwato hupiga vishindo vinne, telki, yenye vishindo viwili, na shoti ya polepole, yenye vishindo vitatu. Kila zoezi hupewa alama kuanzia 0 hadi 10.

Anayeanza hadaiwi maajabu. Huulizwa mambo mepesi kuyataja lakini magumu kuyatenda. Je, farasi wake aweza kwenda moja kwa moja bila kuyumba? Aweza kuzunguka duara la mita 20 ambalo ni duara kweli, si yai? Akitakiwa kusimama, husimama kwa utulivu, ama husimama kwa kuvutwa kinywa?

Jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi ni kukaa. Katika chuo mashuhuri cha upandaji farasi kilichoko Vienna, nchini Austria, mwanafunzi mpya hutumia miezi mingi juu ya farasi anayezungushwa kwa kamba na mwalimu, bila kushika hatamu na bila kutia miguu katika vikuku vya kupandia. Mgeni akiona hayo atadhani ni adhabu. Sivyo. Mtu asiyejua kukaa, akiyumba, hushika kilicho karibu naye, na kilicho karibu ni hatamu. Hatamu imefungwa kwenye lijamu, na lijamu imo kinywani mwa mnyama. Kwa hiyo kila kosa la mpandaji hulipwa na kinywa cha farasi. Ndiyo maana mtu hakabidhiwi hatamu mpaka kwanza awe ameweza kuutawala mwili wake mwenyewe.

Jambo la pili ni kuomba na kuachia. Mguu wa mpandaji hubana ubavu kidogo, na farasi anapopiga hatua, mguu huacha kubana papo hapo. Mkono hukaza kidogo, na farasi anapopunguza mwendo, mkono hulegea. Kule kulegea ndiko shukrani anayoielewa mnyama, na ndiko somo lenyewe. Anayeendelea kubana au kupiga hata baada ya kutiiwa, anamfundisha mnyama wake kwamba kutii hakuna faida. Hayo si maarifa ya jana. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo Myunani aitwaye Xenophon aliandika kitabu juu ya upandaji farasi, akashikilia kwamba lile alitendalo farasi kwa kulazimishwa halina uelewa wala uzuri.

Kama yupo asemaye kwamba mnyama huongozwa kwa nguvu za misuli, na aitazame historia ya mchezo huu. Dresaji iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1912 mjini Stockholm, na kwa miaka mingi ikabaki kuwa mchezo wa maofisa wa jeshi. Mwaka 1952, mjini Helsinki, mlango ulifunguliwa kwa raia, wanawake kwa wanaume. Mmoja wa walioingia alikuwa Lis Hartel wa Denmark, mwanamke aliyepooza chini ya magoti kwa ugonjwa wa polio, ambaye ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Alishindana na wanaume, akajipatia medali ya fedha, na miaka minne baadaye akaipata tena. Hakuwa na miguu ya kumbana farasi kwa nguvu. Alikuwa na mizani, utulivu na ishara ndogo ndogo alizoelewana na mnyama wake.

Hatusemi haya ili kuwapamba watu wa mbali. Nao wana aibu zao. Mwaka 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris, bingwa wa Uingereza Charlotte Dujardin alijitoa katika mashindano baada ya kutokea picha za video zilizomwonyesha akimchapa farasi miguuni mara nyingi kwa mjeledi wakati wa mafunzo. Alikiri kosa, akafungiwa mwaka mmoja. Tukio hilo latufundisha kwamba fimbo humshawishi hata aliyefika kileleni. Basi itakuwaje kwa kijana wa miaka 15 asiyepata kuonyeshwa njia nyingine?

Msomaji atauliza: hayo ya farasi yanatuhusu nini sisi? Ni kweli kwamba katika nchi yetu farasi ni wachache. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi, lakini mkulima wa kawaida hana. Sababu kubwa ni maradhi. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika uenezwao na visubi, na kuna nagana iletwayo na ndorobo. Punda ni mtoto wa bara hili. Alifugwa kwanza kutokana na punda-mwitu wa Afrika, naye hustahimili ugonjwa huo wa farasi, ukame na malisho haba kuliko farasi. Ndiyo maana tunaye yeye.

Wala kupanda mnyama si jambo geni kwa Waswahili. Lugha yetu isingekuwa na maneno hatamu, lijamu, telki na shoti kama wazee wa pwani hawakuwa wapandaji. Kule Lamu, katika mji wa kale wenye vichochoro visivyopitika kwa magari, punda ndiye chombo cha usafiri hadi leo. Vijana wa huko hushindana mbio juu ya punda, na tangu mwaka 1987 wanyama hao wana zahanati yao. Sisi wa bara tulimpokea punda kama mbebaji, lakini ule ustadi wa kumwongoza hatukuupokea pamoja naye.

Basi kijana wa Singida anayekabidhiwa punda leo aanzie wapi? Rai yetu ni kwamba aanze kama anavyoanza mwanafunzi wa dresaji, yaani ajifunze yeye kwanza. Na la kwanza kujifunza ni tabia ya mnyama. Farasi akitishika hukimbia. Punda akitishika husimama akatafakari. Sisi twaita huko kusimama ukaidi, tukaanza kupiga. Kumbe mnyama ameona jambo, labda dimbwi, labda kivuli, labda mfuko unaopeperushwa na upepo wa Singida. Akipewa nafasi ya kutazama, akatanguliwa na mtu anayemwamini, atapita. Akipigwa, kesho atapaogopa mahali pale maradufu, kwa sababu sasa pana dimbwi na pana fimbo. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Sisi twadhani mara nyingi teke si utovu wa shukrani. Ni jibu.

La pili ni kumfunza bila mzigo. Punda asitwishwe kazi nzito kabla hajafikisha umri wa miaka minne hivi, kwa kuwa mifupa yake bado inakua. Kabla ya hapo azoezwe kushikwa, kuinuliwa kwato, kufuata kamba, kusimama kwa sauti na kuondoka kwa sauti. Kamba ivutwe kidogo, na punda anapopiga hatua moja, ilegezwe mara. Robo saa kila siku yatosha. Ndiyo duara la mita 20 la kwetu, na halihitaji uwanja wenye herufi.

La tatu ni vifaa. Wako wanaomfunga punda nira ya ng'ombe. Hili ni kosa. Ng'ombe ana nundu ya kuegemeza nira, punda hana. Punda husukuma kwa kifua na mabega, naye yafaa avishwe mkanda mpana wa kifuani au kola iliyotiwa kitu laini. Nira ya ng'ombe humchubua shingo, na juu ya kidonda hicho mzigo wa kesho huwekwa tena.

La nne ni hesabu ya mzigo. Hushauriwa kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Tumchukue punda mwenye kilo 150. Akibebeshwa madumu manne ya lita 20 amebeba kilo 80, yaani zaidi ya nusu ya mwili wake. Madumu mawili ndiyo kiasi chake. Tunajua fika kwamba kijana hulipwa kwa safari, na kwamba ni rahisi kwetu sisi wenye kalamu kumpunguzia mzigo kwenye karatasi. Lakini ipo njia nyingine. Punda huweza kuvuta uzito mkubwa kuliko awezao kubeba, mradi mkokoteni uwe na magurudumu mazuri na mizani sawasawa. Fedha iliyotengeneza gurudumu haikupotea.

Wala tusidhani kwamba haya ni huruma tupu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama. Zaidi ya hapo, punda mwenyewe ameanza kuadimika. Ngozi yake imetafutwa sana kwa ajili ya kutengenezea dawa ya jadi ya Kichina, na hali hiyo iliifanya Serikali ya Tanzania mwaka 2022 ipige marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara hiyo. Mwezi Februari mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika nao waliafikiana kuusimamisha uchinjaji huo barani kwa muda wa miaka 15. Marufuku hizo ni jambo jema. Lakini hakuna faida ya kumwokoa punda na kisu cha mfanyabiashara halafu tukamwua sisi kwa mzigo. Na punda akifa, mzigo haufi pamoja naye. Hurudi kichwani mwa mama na mgongoni mwa binti, nao umbali wa kufuata maji ni ule ule.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo moja. Kila mwaka wakulima na wafugaji wa Singida na Dodoma hukutana Nzuguni kwa maonyesho ya Nane Nane, ambako ng'ombe na mbuzi bora hutazamwa na kusifiwa. Kwa nini pasiwepo pia shindano la waongozaji wa punda, si la mbio, bali la ustadi? Kijana amwongoze mnyama wake moja kwa moja, amzungushe duara, amsimamishe kwa sauti, amrudishe nyuma pamoja na mkokoteni, apewe alama 0 hadi 10 kwa kila zoezi. Na alama za kwanza kabisa zitolewe kabla hajapiga hatua, kwa kuikagua ngozi ya punda. Mwenye kidonda cha nira asiingie uwanjani.

Shindano la namna hiyo lingegharimu chokaa ya kuchorea uwanja na waamuzi wachache wenye subira. Lakini lingempa kijana wa mkokoteni kitu ambacho hajapata kupewa, nacho ni heshima ya kuwa fundi. Aliyeheshimiwa kwa ustadi wa mkono wake hahitaji fimbo ndefu. Na pengine siku moja watoto wa Singida watausikia ule usemi wa zamani, wauone kuwa ni wa ajabu, wausahihishe wenyewe: punda afike, na mzigo wake ufike.