Je, Wajua? Miraa Ina Haraka Njiani, Polepole Mdomoni

Miraa ikishachumwa katika mashamba ya Igembe, Meru, kila anayeishika huwa na haraka. Wafungaji huiviringisha kwa majani ya mgomba ikingali mbichi, magari hutoka mji wa Maua yakikimbia kana kwamba yamebeba wagonjwa, na mchuuzi wa mjini anajua kwamba mzigo uliolala hautapata bei ya mzigo wa leo. Sababu ya mbio hizo ni kemikali iitwayo kathinoni, ambayo ndiyo inayompa mchanaji, yaani mtafunaji wa miraa, stimu anayoitafuta. Jani likianza kunyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, kemikali iliyo dhaifu zaidi, na baada ya siku mbili tatu kilichobaki mkononi ni vijiti vichungu tu. Kwa muda mrefu wanakemia waliochunguza majani yaliyokauka walidhani kathini ndiyo yenye kazi yote. Mwaka 1975 ndipo maabara ya Umoja wa Mataifa ilipopata majani mabichi na kuitenga kathinoni, na umbo lake lilipochorwa lilionekana kuwa ndugu wa karibu wa amfetamini. Wachanaji walikuwa wameujua ukweli huo kwa ulimi zamani, bila maabara.

Undugu huo ndio uliozua mabishano ambayo hayajaisha mpaka leo. Kathinoni yenyewe imo katika jedwali la kwanza, lile kali kuliko yote, la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, lakini jani linaloibeba halimo katika mkataba huo. Kila nchi basi imejiamulia. Kenya iliitambua miraa kuwa zao rasmi la kilimo mwaka 2016, ilhali ng'ambo ya mpaka wa Namanga mmea huohuo huitwa mirungi na sheria ya Tanzania ya 2015 huuhesabu miongoni mwa dawa za kulevya. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, ingawa baraza lake lenyewe la ushauri kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limeshauri mwaka uliotangulia kwamba madhara yaliyothibitishwa hayatoshi kuifanyia hivyo. Msomaji anayetaka kujua miraa inamfanya nini mwilini hatapata jibu katika sheria hizi. Zinamweleza tu ni wapi atakamatwa.

Jibu lenye manufaa zaidi linapatikana katika swali ambalo sheria haziulizi: kemikali inafika kwenye ubongo kwa kasi gani, na kwa kiasi gani? Mchanaji hutafuna maganda ya vijiti laini, akakusanya mabaki shavuni, akameza maji yake kidogo kidogo. Kathinoni hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo na tumboni, na kiwango chake katika damu hufika kilele baada ya takriban saa mbili. Linganisha na moshi wa sigara, ambao hufikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde kumi hadi ishirini. Ubongo hujifunza kwa kuunganisha tendo na tuzo, na kadiri tuzo inavyokuja upesi ndivyo fundo la uraibu linavyokazwa. Jani la koka, linalotafunwa na wakulima wa milima ya Andes, lina kokeini isiyofika hata asilimia moja ya uzito wake, na halijawahi kuleta maangamizi yaliyoletwa na kokeini ile ile baada ya wanakemia wa Ulaya kuichuja katika karne ya 19 ikawa unga wa kunuswa, kudungwa na kuvutwa. Kathinoni nayo imepitia njia hiyo: jamaa zake zilizoundwa viwandani, kama mefedroni, huuzwa zikiwa unga na zimepeleka watu hospitalini katika nchi ambazo hazijawahi kuotesha mmiraa hata mmoja. Mchanaji wa majani huzuiwa na taya zinazochoka, uchungu wa ganda na tumbo linaloshiba. Unga hauna breki hizo.

Hapa mwenye miraa yake atashangilia na kusema ni mmea wa asili tu, kwa hiyo haudhuru. Hoja hiyo haisimami hata dakika moja. Tumbaku ni jani la asili, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakati dawa nyingine za kulevya zote kwa jumla, pombe ikiwekwa kando, zilikadiriwa kuua watu 600,000 mwaka 2019. Popoo inayofungwa ndani ya tambuu, ambayo pwani yetu huiheshimu kama kitu cha arusi na cha wazee, ilithibitishwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani, hata isipochanganywa na tumbaku. Tena haina mbio zozote, hutafunwa polepole kama miraa. Kumbe kasi hueleza uraibu zaidi kuliko inavyoeleza kila dhara, na chombo kinachobeba kichangamshi kinaweza kuwa kiovu kuliko kichangamshi chenyewe. Mvuta sigara hung'ang'ania nikotini, lakini linalomuua zaidi ni moshi na lami.

Mwingine atapinga kwa upande wa pili: tumbaku inaua wengi kwa sababu inatumiwa na zaidi ya watu bilioni moja, na heroini ingekuwa halali tungehesabu makaburi mengine. Ni pingamizi la haki, na ndiyo maana idadi ya vifo peke yake haitoshi kupima ukali wa kitu. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya wataalamu wa Uingereza waliopima madhara ya vitu 20 kwa alama kutoka 0 hadi 100, wakijumlisha madhara kwa mtumiaji na kwa wanaomzunguka. Pombe ilipata 72, heroini 55, tumbaku 26, na miraa 9. Alama hizo ni maamuzi ya watu waliokaa mezani, na zinaielezea Uingereza, si Eastleigh wala Mogadishu. Hata hivyo pengo kati ya 9 na 72 ni pana mno kuitwa bahati mbaya ya hesabu.

Tisa nayo si sifuri. Upole uleule unaomlinda mchanaji dhidi ya mshtuko wa haraka ndio unaomkalisha kwenye mkeka saa sita, moyo ukienda mbio na presha ikiwa juu muda wote huo. Utafiti wa Yemen uliochapishwa mwaka 2005 uliwakuta wachanaji wa kupindukia wakiwa na hatari kubwa zaidi ya kupata mshtuko wa moyo kuliko wasiochana. Usingizi hukimbia, njaa hukatika, choo hufunga, na mama mjamzito anayechana huwa katika hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Wachache, hasa wanaochana usiku na mchana, huanza kusikia sauti na kushuku kila mtu. Juu ya hayo kuna sigara zinazowashwa moja baada ya nyingine mashavu yakiwa yamejaa, na vidonge vya usingizi au pombe ya kuishusha stimu ili mtu alale. Kwa kulinganisha, kahawa, ambayo nayo iliwahi kupigwa marufuku huko Makka mwaka 1511, ni pole kuliko miraa kwa sababu haisukumi ubongo kwa dopamini kama kathinoni. Huziba tu milango ya adenosini, kemikali inayotuambia kwamba tumechoka. Uchovu haupungui, unafichwa. Mtu mzima mwenye afya hashauriwi kupita miligramu 400 za kafeini kwa siku, karibu vikombe vinne, na mjamzito nusu ya hiyo.

Kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, aina ya miraa inayolimwa Embu, mwaka 2024, kabla ya mahakama kusimamisha amri hizo, walalamikaji wa Embu walitaja riziki na magavana walitaja vijana walioharibikiwa. Pande zote mbili zilisema kweli, na mzazi wa Likoni mwenye mtoto aliyeacha shule hatafarijika kwa kuelezwa kasi ya kufyonzwa kwa kathinoni. Lakini muguka hutafunwa jani zima, huuzwa kwa bei ya chini na humfikia mtoto wa shule bila kizuizi, na mambo hayo matatu yanaweza kushughulikiwa kwa umri wa mnunuzi, saa za kuuza na umbali wa kibanda na shule, kama tunavyojaribu kufanya kwa pombe. Mpaka hayo yafanyike, wewe unayechana pima presha yako, acha kabisa ukiwa mjamzito au una historia ya ugonjwa wa akili, na ukikosa usingizi usiutafute kwenye kidonge wala chupa. Kathinoni nusu yake huwa imetoka kwenye damu baada ya kama saa moja na nusu tangu kilele chake. Tema mapema, usiku utatosha.