Jipimeni na familia: Je, unaifahamu ardhi unayosujudu juu yake?

SIFA njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, siku ya Jumapili, Desemba 26, 2004, saa 9:58 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari ilipasuka karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Wengi wetu tulikuwa tumelala. Zaidi ya saa nane baadaye, mchana kweupe, mawimbi yaliyozaliwa na mpasuko ule yalifika katika fukwe za Kenya na Tanzania. Watu wasiopungua 10 walifariki Tanzania, mmoja Kenya, na karibu 300 Somalia. Katika nchi zote zilizokumbwa waliofariki walikuwa takriban 230,000, na Aceh, mkoa wa Waislamu, ndiko walikokufa wengi zaidi.

Tunaikumbusha siku ile kwa sababu yapo maarifa machache kuhusu ardhi ambayo kila mtoto anaweza kuyahifadhi, na ambayo siku ya siku yatamwokoa. Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi kuitazama ardhi na kutafakari. Basi Ijumaa ya leo tumeandaa maswali manane. Baada ya swala ya Isha, baba au mama asome swali, watoto wajibu kwanza, kisha ndipo jibu lisomwe.

Swali la kwanza: Je, ganda la nje la dunia ni kipande kimoja?

La. Limegawanyika mfano wa ganda la yai la kuchemsha lililogongwa mezani. Vipande hivyo huitwa mabamba, na unene wake kwa wastani ni kama kilometa 100. Makubwa ni saba: la Pasifiki, la Amerika Kaskazini, la Amerika Kusini, la Ulaya na Asia, la Afrika, la Antaktika, na la Australia pamoja na India, ambalo wataalamu wengi leo hulihesabu kuwa mawili. Yapo pia madogo mengi, mojawapo likiwa la Uarabuni.

Mabamba hukutana kwa namna tatu. Mengine huachana, na bahari mpya hufunguka kati yake. Mengine hugongana, kama India ilivyoigonga Asia na kuinua milima ya Himalaya, ambayo kilele chake cha Everest kina mita 8,849. Mengine husuguana ubavu kwa ubavu, na hapo miamba hukwama kwa miaka mingi, kisha hufyatuka ghafla. Kufyatuka huko ndiko tetemeko la ardhi.

Swali la pili: Je, mabamba yanaelea juu ya bahari ya moto?

Wengi hujibu ndiyo, na hapo hukosea. Chini ya mabamba mna miamba migumu, ila imepata joto kali mno hata inajongea polepole sana, kama lami inavyolegea katika jua kali bila ya kuwa maji. Mawe yaliyoyeyuka yapo, lakini ni sehemu ndogo tu. Mabamba husogea sentimita chache kwa mwaka, takriban mwendo wa kucha zako kukua. Mwanadamu hauhisi mwendo huo. Hata hivyo, kwa mamilioni ya miaka, ndio uliotenganisha mabara.

Swali la tatu: Ni nani aliyetambua kwamba mabara yanasogea?

Ni Alfred Wegener, Mjerumani, mtaalamu wa hali ya hewa, aliyetangaza rai hiyo mwaka 1912. Aliona kwamba pwani ya magharibi ya Afrika na ya mashariki ya Amerika Kusini zinalingana, na kwamba mabaki ya wanyama wa kale wa namna moja yanapatikana pande zote mbili za bahari. Wengi walimkataa. Alifariki Greenland mwaka 1930 akiwa safarini kwa kazi zake za utafiti, na ni katika miaka ya 1960, baada ya sakafu za bahari kuchunguzwa, ndipo wataalamu walipokubali kwamba mabara yanasogea kweli.

Wanazuoni wetu hawakugundua mabamba, na si haki kuwavika taji lisilo lao. Lakini waliitazama ardhi kwa macho yaliyo wazi. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alichunguza mawe ya nyanda za India, makubwa karibu na milima na madogo mbali nayo, akahitimisha kwamba pale palikuwa bahari iliyojazwa na udongo wa mito. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika jinsi matetemeko yanavyoweza kuinua ardhi na maji yanavyochonga milima. Naye Imam Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alitunga kitabu kizima cha kuorodhesha matetemeko ya zama zilizopita.

Swali la nne: Je, Makka na Madina ziko juu ya bamba lipi?

Ziko juu ya bamba la Uarabuni, ambalo zamani lilikuwa kitu kimoja na Afrika. Bahari ya Shamu ndiyo ufa uliofunguka kati yake, na hata leo inaendelea kupanuka kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwaka.

Ardhi ya Hijazi ina volkano. Mwaka 654 Hijria, sawa na 1256 Miladia, baada ya siku kadhaa za matetemeko, moto ulifumka nje ya Madina na lava ikatiririka kwa wiki kadhaa, ikasimama kabla ya kuufikia mji wa Mtume (s.a.w.). Imam an-Nawawi, aliyeishi zama zile, aliutaja moto huo alipokuwa akisherehesha hadithi inayobashiri moto kutoka nchi ya Hijazi. Miamba myeusi uliyoiacha bado ipo.

Swali la tano: Je, sisi wa Afrika Mashariki tuko juu ya ardhi iliyotulia?

Wako wanaodhani matetemeko ni ya Japani na Uturuki tu. Bonde la Ufa ni alama ya bara linalopasuka. Upande wa mashariki wa bonde hilo uko juu ya bamba linaloitwa la Somalia, nalo linaachana na Afrika iliyobaki kwa milimita chache kila mwaka. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, limekaa ndani ya ufa huo.

Desemba 13, 1910, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.4. Julai 2007 ardhi ilitikisika karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, na watu wa Nairobi wakahisi. Septemba 10, 2016, siku chache kabla ya Idd el-Hajj, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba mjini Bukoba na vitongoji vyake mkoani Kagera, na watu wasiopungua 17 wakafariki. Basi jambo hili ni letu.

Swali la sita: Je, waliokufa katika tetemeko walikuwa wakiadhibiwa?

Hili ni swali zito, na ndimi nyingi huteleza hapa. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume, naye katikati ya huzuni ya mzazi, aliwasahihisha: jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Kisha akawaelekeza kwenye swala na dua. Aidha, katika hadithi sahihi aliwataja aliyekufa maji na aliyefukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi.

Basi nani kati yetu ana haki ya kuwahukumu watoto wa Aceh, au wale zaidi ya 50,000 waliofariki Uturuki na Syria Februari 6, 2023, pale bamba dogo la Anatolia lilipofyatuka dhidi ya jirani zake? Tetemeko linatukumbusha Kiama, na sura ya 99, az-Zalzala, inatosha kututetemesha. Mawaidha hayo kila mtu ajielekezee nafsi yake. Isitoshe, wataalamu walibainisha kwamba majengo mengi yaliyoanguka Uturuki hayakufuata kanuni za ujenzi. Fundi anayepunguza saruji na nondo ili abakize fedha amekula amana, na aliyelala chini ya dari lile ndiye anayelipa.

Swali la saba: Je, yupo anayejua siku ya tetemeko?

Hayupo. Wataalamu wanaweza kusema ni maeneo gani yenye hatari, lakini hakuna chombo kinachotaja siku na saa. Kwa hiyo ukipokea ujumbe wa simu unaosema kwamba tetemeko litakuja usiku wa leo, usiueneze. Kuzua hofu kwa habari usiyoithibitisha ni dhambi.

Tsunami ni jambo jingine. Mawimbi yake huja baada ya tetemeko, hivyo kwa aliye mbali upo muda wa kuonywa. Mwaka 2004 Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Baadaye uliundwa, ukaanza kazi kikamilifu mwaka 2011. Mamlaka ya hali ya hewa ikitoa onyo, tulitii bila ya kubishana.

Swali la nane: Ardhi ikitikisika, utafanya nini?

Ukiwa ndani, inama, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa na ushikilie mpaka mtikisiko uishe. Kaa mbali na madirisha na makabati. Ukiwa nje, jiepushe na kuta na nguzo za umeme. Ukiwa ndani ya swala, wanazuoni wameruhusu kuikata ili kuokoa nafsi, yako au ya mwenzako, kwani kuhifadhi uhai ni katika makusudio ya Sharia. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mola wake.

Ukiwa pwani na ukahisi mtikisiko mkali au wa muda mrefu, au ukaona bahari imekupwa ghafla na samaki wamebaki mchangani, usiende kuokota samaki. Kimbilia mahali pa juu, na usirudi baada ya wimbi la kwanza, kwa kuwa yapo yanayofuata.

Kuna kisiwa kiitwacho Simeulue, karibu kabisa na pale sakafu ya bahari ilipopasuka mwaka 2004. Wakazi wake ni Waislamu, wavuvi na wakulima. Mwaka 1907 tsunami iliua watu wengi kisiwani humo. Waliosalia wakawasimulia watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu, hata katika nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Jambo hilo wanaliita kwa neno lao moja, smong. Asubuhi ile ya Desemba 26 hapakuwa na king'ora wala redio ya kuwaonya, na wimbi liliwafikia mapema sana, baada ya takriban dakika 10. Waliitana kwa neno lile, wakapanda vilima. Kati ya watu wapatao 78,000 waliofariki ni saba tu.

Ndugu msomaji, ukiwa umejibu maswali sita au zaidi, mshukuru Allah na umfundishe jirani. Ukiwa umepata machache, rudia Ijumaa ijayo. Ila swali la nane asilale mtoto yeyote nyumbani mwako bila ya kulijua, kwani wazee wa Simeulue hawakuwaachia wajukuu wao mali, waliwaachia maneno machache, na maneno hayo yakawaokoa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kwa maafa haya, awape subira waliofiwa, na aturuzuku elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.