Maradhi ya Koo Katika Makambi ya Wachumaji



Desturi ya ukurasa huu ni habari za bei, miche na majamvi. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze habari ya koo, kwani jambo hili limetufika wenyewe.

Msimu uliopita, katika kambi yetu moja, mtoto wa miaka kumi aliyefuatana na mama yake alishikwa na homa, koo likamuuma hata hawezi kumeza mate. Akapewa karafuu atafune, na baada ya siku tano akapoa. Wiki tatu zilipopita goti lilivimba, likapoa, kikavimba kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Alipofikishwa hospitali daktari alimsikiliza kifua, akasema vilango vya moyo vimeharibika.

Wako waliosema karogwa. Hakurogwa. Maradhi hayo ni homa ya baridi yabisi, na asili yake ni bakteria wa koo aitwaye streptokoki wa kundi A. Ukiwatazama kwa hadubini wamefuatana kama shanga katika uzi. Makao yao ni koo na ngozi ya binadamu. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, matone ya mate humfikia aliye karibu, naye huugua baada ya siku 2 hata 5. Tena wako watu wanaowachukua kooni wala hawaumwi.

La ajabu ni kuwa si bakteria wenyewe wanaoula moyo. Mwili huunda askari wa kuwapiga, na askari hao pengine hukosea, wakaushambulia moyo na viungo vya mwenyewe. Ndiyo sababu balaa huja baada ya koo kupona, watu wamekwisha kusahau.

Huko Marekani, katika kambi ya jeshi la anga ya Warren, jimbo la Wyoming, madaktari walianza kulichunguza jambo hili mwaka 1949. Vijana askari walilala wengi katika chumba kimoja. Ilionekana kuwa walioambukizwa zaidi ni wale ambao vitanda vyao vilikaribiana na kitanda cha mwenye bakteria. Mablanketi ya wagonjwa hayakuambukiza. Katika waliougua bila ya kutibiwa, karibu 3 katika kila 100 walipata homa ya baridi yabisi. Waliopewa penisilini waliokoka karibu wote, hata dawa ilipochelewa mpaka siku ya 9.

Sasa tujipime. Katika banda la mtoto yule walilala watu kumi na mmoja, mkeka juu ya mkeka. Banda ni la chama, na walioandika orodha ya kulala ni sisi.

Karafuu hupoza maumivu, wala sisi si watu wa kuidharau karafuu, lakini bakteria hawa haiwamalizi. Kukata kimio ni vibaya zaidi: mtoto hutoka damu nyingi, na bakteria wabaki palepale. Penisilini yawaua, na mpaka leo hawajaizoea. Daktari hutoa sindano moja ya ile ikaayo mwilini siku nyingi, au vidonge vya siku 10, navyo vimalizwe hata koo likipoa siku ya tatu. Si kila koo lataka dawa hii. Lenye mafua na kikohozi mara nyingi ni la virusi. Lakini mtoto mwenye homa, mafindofindo yenye weupe wa usaha na tezi chini ya taya, asingoje kesho.

Na ngozi pia. Michubuko ya mikarafuuni, na upele uliokunwa, ikiingiwa na bakteria hawa hufanya vidonda vya usaha. Wiki chache baadaye figo huweza kuumia: uso wavimba asubuhi, mkojo wawa rangi ya chai. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni, kifunikwe.

Mtoto yule sasa huchomwa sindano kila wiki nne, na ataendelea hivyo kwa miaka, kwani kila koo jipya huzidi kuuumiza moyo.

Msimu huu banda moja litalala watu sita tu, huyu kichwa huku na mwenziwe kichwa kule, na kila mchumaji aje na kikombe chake. Mwanachama mwenye banda la ziada atuarifu ofisini kabla ya uchumaji kuanza.