Daftari la Deni Katika Duka la Gisenyi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliukumbuka usemi huo tulipofika Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu ulioko kaskazini mwa Ziwa Kivu, nchini Rwanda. Wageni huenda huko kuogelea ziwani, kujitibu kwa maji ya moto ya Nyamyumba, na kuutazama Mlima Nyiragongo wenye kimo cha mita 3,470, uliosimama ng'ambo ya pili ya mpaka. Sisi tulivutiwa na jambo dogo kuliko hayo yote, nalo ni duka la familia la bidhaa mchanganyiko.

Duka la namna hiyo halina fahari. Ni chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, mizani, magunia ya mchele na unga wa muhogo, madumu ya mafuta ya kupikia, sabuni za mche, betri, misumari, vitenge, na sambaza wakavu, wale samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya mwisho ya 1950. Baba aliyelianzisha amekwisha kuzeeka au kufariki, na mwana au binti amelirithi. Mteja akitoka Goma, mjini Kongo, faranga zake hupokelewa. Mtalii akitoa dola, nazo huhesabiwa. Na chini ya kaunta, pahali ambapo mgeni hapaoni, limewekwa daftari la deni.

Sisi tuvaao sare tuna udugu wa zamani na maduka hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani waliweka kambi ya kijeshi pale, wakati huo pakiitwa Kisenyi, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaiteka. Nyuma ya askari na wapagazi walifuata wachuuzi wenye nguo, chumvi na shanga, nao walikuja na lugha yao ya biashara. Ndiyo sababu hata leo Mnyarwanda husema "iduka" kama sisi tusemavyo duka.

Mji huo umeonja neema. Mwaka 1957 kampuni ya bia ya Bralirwa iliasisiwa hapo, na tarehe 20 Septemba, 1976, Rwanda, Burundi na Zaire zilitia sahihi hapo mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Lakini umeonja na msiba. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza wenye maduka na wateja wao. Na Julai ya mwaka huo watu wapatao milioni moja walikimbilia Goma katika siku chache. Palipokufa mdai na mdaiwa, hakuna daftari lililoweza kueleza hesabu. Januari 2002 Nyiragongo ulilipuka, ukafunika kwa moto mitaa ya biashara ya Goma, na wakazi wake kwa mamia ya maelfu wakakimbilia upande wa Gisenyi. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na matetemeko yaliyofuata yakapasua majumba ya Gisenyi. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, risasi na makombora yalivuka mpaka na kuua raia.

Sasa tujiulize: baada ya kila dhoruba, mwenye duka huanza upya kwa mtaji gani? Rafu huwa tupu na fedha zimekwisha. Kilichobaki ni neno lake. Muuzaji wa jumla humwamini na kumpa gunia la sukari alipe mwisho wa mwezi. Naye humwamini mwalimu, mvuvi na askari. Duka ni mnyororo wa watu walioaminiana, na bidhaa ni pete zake tu.

Jambo hilo hawakulielewa watawala fulani. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maduka yao yakagawiwa watu wengine, wakiwamo maofisa na askari wengi. Waliopewa waliuza vilivyokuwamo, kisha hawakupata wa kuwajazia rafu, na sukari, chumvi na sabuni vikaadimika. Tarehe 30 Novemba, 1973, Mobutu naye alitangaza kwamba biashara za wageni nchini Zaire zikabidhiwe wananchi. Matokeo hayakuwa mema, na haikupita miaka mitatu serikali ikaanza kuwarudisha wenyewe. Bunduki yaweza kuteka kaunta na mizani. Haiwezi kuteka imani iliyoandikwa katika daftari.

Hatusemi haya kwa kuwanyoshea vidole wengine. Tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha maofisa, palikuwa na duka nje ya lango ambalo lilitukopesha sabuni, kiwi na sukari. Mwenzetu mmoja alihamishwa usiku, akaondoka na deni lake. Mzee mwenye duka hakwenda kumshtaki kwa mkuu wa chuo. Aliliweka daftari kabatini tu, na tangu asubuhi ile kila mwenye sare alitakiwa kutoa fedha kwanza. Tulichanga, tukalipa deni lote. Mzee alizipokea fedha, akatushukuru, lakini daftari halikutoka kabatini mpaka sisi tulipohitimu. Siku ile tulijifunza kwamba deni la mmoja huandikwa kwa jina la kikosi.

Askari wa mpakani ana mtihani mkubwa zaidi. Akichukua soda au pakiti ya sigara na kuondoka bila kulipa, mwenye duka hataandika kitu, maana anaogopa. Hasara hiyo haina ukurasa. Lakini watoto wa familia hiyo wameiona, na siku mhalifu atakapojificha mtaani, wao ndio watakaoamua kama watusaidie au wanyamaze.

Basi, ndugu mpiganaji, na wewe ndugu polisi, popote ulipo, hati ya uhamisho ikifika mkononi, kabla ya kufunga begi lako nenda dukani. Omba usomewe ukurasa wako, ulipe, na usiondoke mpaka umeona jina lako limepigwa mstari. Anayekuja kushika zamu yako atapita mbele ya kaunta hiyo hiyo, naye atapokewa kwa jinsi ulivyoaga. Dawa ya deni ni kulipa.